Samaki wa Chini ya Mtarakwa: Kwa Nini Nzi Tisa Walikataliwa

Jumamosi ya kwanza Mwalimu, ambaye nilikuwa nikimfundisha kuvua trauti, alibadilisha nzi wa ndoana mara tisa. Niliwahesabu jioni kwenye kipande cha sponji alichobandika kifuani: tisa, wote wamelowa, wote wamekataliwa na samaki mmoja yule yule, ambaye muda wote huo hakuacha kula. Samaki aliyeogopa hukimbia, na aliyeshiba hutulia chini. Huyu alipanda juu karibu kila nusu dakika, akameza kitu, akashuka. Alikula kila kilichopita isipokuwa kile tulichompa sisi.

Mto ni Thego, unaotoka upande wa magharibi wa Mlima Kenya na kupita karibu na Kiganjo. Ilikuwa Februari, kiangazi, maji machache na maangavu hata unaweza kuhesabu changarawe. Kilindi chenyewe hakizidi hatua 12 kwa urefu. Maji yanaingia kwa nguvu kati ya mawe mawili, yanapita katikati kama ulimi mrefu wa mkondo mkali, kisha yanatulia na kumwagika juu ya kizingiti cha mawe upande wa chini. Ng'ambo ya ule ulimi, chini ya mtarakwa ulioinamia mto, kuna utepe wa maji ya polepole wenye upana wa kama mita moja. Humo ndimo povu hupita. Na humo, sentimita 20 hivi chini ya uso wa maji, ndimo alimokaa samaki wetu.

Trauti si mwenyeji wa huku. Wa kahawia aliletwa mwaka 1905, mayai kutoka Loch Leven kule Scotland, na mlowezi Mwingereza Ewart Grogan akayapeleka mto Gura katika milima ya Aberdare. Wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni mito inayomwagikia Pasifiki, alifuata baadaye. Kwa kuwa samaki ni mgeni, maneno ya kumvua nayo tumeokoteza. Nikisema nzi, simaanishi mdudu. Namaanisha ndoana ndogo iliyofungwa nyuzi na manyoya ikafanana na mdudu. Nzi mkavu ni yule anayeelea. Kwa kuwa hana uzito, anarushwa kwa uzito wa uzi mnene unaoelea. Mbele ya uzi mnene kuna uzi mwembamba usioonekana vizuri, na kipande cha mwisho kabisa, chembamba kuliko vyote, sisi tunakiita ncha. Na mwanzi wa kurushia naufahamu kwa jina la ufito.

Sasa Mwalimu. Anafundisha fizikia katika shule moja ya upili huku kwetu Nyeri, lakini ni mzaliwa wa Vanga, mpakani kabisa na Tanzania, na amevua changu na chewa kwa mshipi tangu utotoni katika mtumbwi wa babake. Naeleza haya kwa sababu maelezo ya kushindwa kwake yamo humo, ingawa ilinichukua Jumamosi mbili kuyaona. Kwa mshipi, chubwi liko chini, mshipi umepita juu ya kidole cha shahada, na kidole ndicho kinachosikia: huyu anadonoa tu, huyu anatafuna, huyu ameshaondoka nacho. Mshipi uliolegea ni mshipi kiziwi. Mtoto wa Vanga akiulegeza anazabwa kofi.

Mimi nami nilikosea, na kosa langu ndilo lililotupotezea muda mwingi zaidi. Jumamosi ile ya kwanza nilikaa ukingoni nikimpa nzi wangu mmoja baada ya mwingine kama mwenye duka. Jaribu huyu mweusi. Jaribu huyu mdogo. Anayefunga nzi mwenyewe ana ugonjwa huo, huamini kila jibu limo ndani ya kisanduku chake.

Jumamosi ya pili tulipanga kufanya mambo kwa utaratibu, lakini tembo walikuwa wametangulia kwenye njia ya mtoni. Askari wa wanyamapori aliyetuongoza alituzuia zaidi ya saa nzima juu ya kilima. Hatukuwa na la kufanya ila kuzungumza, na mazungumzo yale yalifaa kuliko uvuvi wote wa wiki iliyotangulia.

Mwalimu aliuliza swali ambalo mimi sikuwahi kujiuliza: "Ndugu yangu, ananikataa vipi?"

Nikamwomba anieleze alichokiona. Akasema samaki hupanda, huja hadi karibu kabisa na nzi, halafu hugeuka. Siyo kila mara, lakini mara nyingi. Na hugeuka wapi? Akafikiri. Palepale kila mara, akasema, mbele kidogo ya ule mzizi uliotokeza.

Jibu hilo lilipangua karibu kila nilichokuwa nikiamini. Kama tatizo lingekuwa sura ya nzi, samaki asingepanda kuwatazama tisa wa rangi na ukubwa tofauti. Wengine angewapuuza tokea mbali. Kama lingekuwa unene wa ncha, kungekuwa na tofauti tulipotoka 4X, yenye unene wa milimita 0.18, tukaenda 6X, yenye milimita 0.13. Hapakuwa na tofauti. Kama angekuwa anatuona, asingeendelea kula. Kitu pekee ambacho hakikubadilika katika majaribio yote tisa ni mahali Mwalimu alipokuwa amesimama, na mahali samaki alipogeukia.

Tulipofika majini nilitoa chujio la chai, lile la waya, nikalishikilia kwenye povu kwa dakika chache. Tulipata sisimizi wawili, jani, na wadudu wadogo wa kijivu wenye mabawa yaliyosimama wima kama tanga. Walilingana na ndoana namba 16. (Namba za ndoana huenda kinyume: kadiri namba inavyokua ndivyo ndoana inavyopungua.) Nikatoa Adams wa namba hiyo, nzi wa kijivu aliyebuniwa Michigan mwaka 1922 na Len Halladay, na nikaamua kwamba siku hiyo hatubadilishi nzi hata mbingu zianguke. Hii ilikuwa muhimu. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja huwezi kujua kipi kimekujibu, na mwalimu wa fizikia hakuhitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Kisha tukafanya jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya bila gharama. Mwalimu alirusha nzi kama kawaida yake, akiwa amesimama upande wetu, ng'ambo ya samaki. Mimi nilikuwa nimepanda juu ya jiwe nikichagua kipovu kimoja kilicho kando ya nzi, na kazi yangu ilikuwa kuvitazama vyote viwili. Kwa kama sekunde moja vilikwenda pamoja. Halafu nzi akaanza kukiacha kipovu nyuma. Si kwa kasi, hakuchora hata mstari majini. Alitangulia kwa upana wa kidole, kisha viganja viwili. Palepale kwenye mzizi.

Huu ndio mburuto. Sababu yake ilikuwa imelala mbele ya macho yetu. Nzi alitua kwenye maji ya polepole, lakini uzi mnene ulilala juu ya ule ulimi wa mkondo mkali katikati. Mkondo ukaubeba uzi, ukaupinda kama upinde, na uzi ukamvuta nzi. Mdudu wa kweli hana kamba. Huenda anakopelekwa na maji, kwa kasi ya maji yaliyo chini ya miguu yake na si vinginevyo. Trauti hasomi vitabu, lakini amekaa hapo tangu alfajiri akitazama vitu vikipita kwa kasi moja, na kinachopita kwa kasi nyingine si chakula.

Mwalimu alikuwa akiuzidisha mburuto bila kujua. Kila nzi alipotua, mkono wake wa kushoto ulivuta uzi uliolegea mpaka ukakazika. Nilimwambia aache. Aliacha mara mbili, ya tatu mkono ukarudi wenyewe. Akacheka. "Wallahi siwezi. Uzi ukilegea najiona kama nimefumba macho."

Hapo ndipo nilipoelewa nina mwanafunzi wa namna gani. Hakuwa mtu asiyejua kuvua. Alijua kuvua sana, kwa sheria nyingine.

Wengi wakisikia mburuto hukimbilia mbinu za kurusha, na zipo. Unaweza kuulaza ufito upande wa juu wa mto wakati uzi ungali hewani, ili uzi utue ukiwa umeelekea juu na mkondo uchelewe kuuvuta. Unaweza kuusimamisha mrusho ghafla juu, ili uzi urudi nyuma kidogo na kuanguka katika mikunjo. Unaweza kuuinua uzi uliokwisha kutua na kuugeuzia upande wa juu. Mimi nazitumia zote, na zote zina bei: kila moja inakununulia sekunde moja au mbili tu, na inahitaji mkono uliozoea. Kwa mtu wa msimu wake wa kwanza, kwenye mkondo ule, dawa ilikuwa rahisi kuliko hizo. Ahame.

Lakini ahamie wapi? Mahali pekee ambapo uzi wote ungelala kwenye maji ya kasi moja palikuwa ndani ya ule utepe wenyewe, chini ya samaki, akirusha kuelekea juu. Trauti husimama akiutazama mkondo, kwa hiyo anayekuja kwa nyuma yake ana nafuu. Bado kulikuwa na hofu ya kuonekana, na hapa Mwalimu alinizidi.

"Mwanga nafundisha kidato cha tatu," akasema, akachora kwa kijiti kwenye tope. Samaki akitazama juu haoni uso wote wa maji. Nuru hupinda inapoingia majini, kwa hiyo dunia yote ya nje humjia kupitia koni ya digrii 97 hivi, yaani kupitia dirisha la mviringo lililo juu ya kichwa chake. Nje ya dirisha hilo uso wa maji ni kioo kinachomwonyesha chini ya mto. Upana wa dirisha ni mara 2.26 ya kina alichokaa. Samaki wetu, aliyekaa sentimita 20 chini, alikuwa na dirisha la sentimita 45 tu! Nikamwambia sasa naelewa kwa nini hulazimika kuja karibu hivyo kumkagua nzi.

Akaendelea. Vitu vilivyo chini karibu na upeo hubanwa kwenye ukingo wa dirisha hadi havionekani vizuri. Tukichukua digrii 10 juu ya uso wa maji kama mpaka, mtu aliye umbali wa mita 7 asizidi kimo cha mita 1.2 juu ya maji. Akapiga magoti palepale kwenye tope kujipima, suruali ya kazini na yote.

Jumamosi ya tatu tulivukia mbali, chini ya kizingiti, tukapanda taratibu. Kulikuwa na mtego mmoja ambao niliujua kwa kuumizwa nao: maji yakikaribia kizingiti huongeza kasi, na uzi ukilala hapo unaburutwa kurudi kwako hata kama nzi yuko mahali pazuri. Kwa hiyo Mwalimu alipiga magoti juu kidogo ya kizingiti, na ufito akaushika juu. Ncha niliirefusha kutoka sentimita 60 hadi kama mita 1.2, ili itue ikiwa na mikunjo yake yenyewe. Nikaipaka tope laini izame chini ya ngozi ya maji, maana uzi unaoelea juu ya maji matulivu hutupa kivuli kikubwa kuliko unene wake. Nzi tukampaka mafuta yake ya kuelea, kidogo sana. Watu wengi humzamisha nzi kwa kumpaka mengi, manyoya yakashikamana.

Halafu ule mkono wa kushoto. Anayerusha kuelekea juu ana tatizo lingine: uzi unamrudia, na lazima aukusanye. Akiukusanya haraka kuliko maji anamburuta nzi. Akichelewa, uzi unajaa miguuni na hawezi kunasa. Nilimwambia asitazame mkono, atazame povu, na mkono uende kwa kasi ya povu. Alijaribu kwenye maji matupu, mbali na samaki, kwa karibu nusu saa. Naona nusu saa ile ndiyo iliyokuwa somo lenyewe, na hatukuwa tumemlenga samaki yeyote.

Mrusho wa kwanza kwa samaki ulikuwa mfupi, na tuliuacha upite hadi nyuma kabisa kabla ya kuuinua. Wa pili uliangukia upande wa mkondo mkali. Wa tatu ukatua kama mita moja juu ya samaki. Nzi akaja na povu lake, akapita mzizi, na maji yakafunguka. Adams hakuonekana tena.

Mwalimu hakufanya lolote. Alikaa amepiga magoti, ufito juu, uso umetulia, akisubiri. Sekunde mbili baadaye nzi akaibuka mwenyewe, ametemwa.

"Mbona hukuvuta?"

"Sikumsikia."

Bila shaka hakumsikia. Uzi ulikuwa umelegea kama tulivyotaka ulegee, na uzi uliolegea hauleti habari yoyote kwenye kidole. Habari huja kwa jicho. Kwa hiyo dawa ya kosa la kwanza ndiyo iliyolizaa la pili, na ningekuwa mwalimu bora ningelitabiri. Mwalimu alikaa juu ya jiwe akanyamaza kidogo, kisha akasema samaki wa kwao husikizwa na wa huku hutazamwa.

Kutazama nako kuna wakati wake. Ukivuta mara tu unapoona maji yakifunguka, unamnyang'anya nzi kabla hajafunga mdomo, hasa kwenye maji ya polepole ambako samaki hana haraka. Mzee aliyenifundisha mimi, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akisema mwache afunge mlango. Pua ipande, kichwa kipite, samaki aelekee chini. Hapo ndipo unainua ufito. Kuinua tu, si kukwapua. Ncha ya milimita 0.13 haitaki nguvu za changu. Kwenye mkondo mkali hesabu hubadilika, mlango hufungwa upesi, na aliyezoea vilindi hukosa wengi huko.

Jumamosi ya nne samaki alikuwa palepale. Nilisogea mbali, nikakaa chini ya mti, kwa sababu nilikuwa nimeanza kushuku kwamba sauti yangu nayo ni mburuto wa aina yake. Mwalimu alichukua dakika 20 bila kurusha. Nilimwona akihesabu kwa vidole, labda vipovu, labda mara ambazo samaki alipanda. Aliporusha, alirusha mara mbili tu. Wa pili maji yalifunguka, akatulia kwa muda wa pumzi moja, akainua, na ufito ukapinda.

Samaki alikuwa na sentimita 33, kwa alama tulizochora kwenye ufito. Ndoana ilikuwa pembeni mwa mdomo, mahali inapoketi kwa samaki aliyefunga mlango. Mimi ningemrudisha majini, kwa mikono iliyoloweshwa kwanza, na nilifungua kinywa kusema hivyo. Mwalimu alinitazama kama nimemtukana babake. Kwao samaki ni mboga, kibali chetu kilimruhusu, na yeye ndiye aliyepiga magoti kwenye tope. Usiku akaniletea ujumbe kwamba nyama ni laini, lakini haina bahari ndani yake, ikabidi amtie nazi.

Haikupita wiki mbili, mahali pale pakawa na mwingine. Ndivyo ilivyo kwa sehemu nzuri ya mto, haikai tupu. Huyu ni mdogo kidogo, na amechagua kukaa nusu mita juu zaidi, nyuma kabisa ya mzizi, ambako maji yanazunguka na povu hurudi kinyume kabla ya kuondoka. Kutoka kwenye kizingiti hafikiki bila mburuto, na kutoka upande wetu ndiyo kabisa. Mwalimu anasema lazima kuna sehemu ya kupiga magoti. Juzi alinitumia picha ya povu, haina samaki wala mtu, amechora mishale juu yake kwa kalamu nyekundu.